Vidole vya Arisati

Zama zile Warumi walipoitawala Afrika ya kaskazini, na Kaisari wao akataka afukiziwe ubani kama mungu, katika mji wa Thamura alikuwako mwanamwali aitwaye Arisati, binti wa Himilko muuza ubani. Alikuwa amebatizwa kwa siri, akaapa kwamba hataolewa. Maisha yake ni ya Kristo. Lakini siri gani hukaa mjini? Mchumba aliyekataliwa alimchongea kwa liwali, binti akatiwa pingu.

Amri yenyewe ilikuwa nyepesi, na wepesi huo ndio mtego: tia chembe moja ya ubani chetezoni mbele ya sanamu ya Kaisari, nenda zako. Ukikataa, upanga.

Siku ya hukumu uwanja ulijaa pomoni. Liwali alikaa kitini, joho lake jeupe lina ukingo wa zambarau, askari wenye ngao wamemzunguka. Arisati akasimamishwa mbele ya makaa ya chetezo. Hakunyanyua mkono.

"Binti, usinichoshe," alisema liwali. "Chembe moja tu."

Kabla hajajibu, Himilko alipenya kati ya askari akapiga magoti.

"Bwana wangu mtukufu, amekwisha kufukiza! Nilimpelekea chetezo gerezani alfajiri. Anaona haya tu kukiri mbele ya watu. Mnuse vidole, bwana!"

Uongo mtupu. Lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Liwali akashuka, akaushika mkono ule, akaunusa. Ubani! Umekolea hadi kwenye kucha. Akashusha pumzi, maana hata yeye hakupenda kumuua binti wa mtu anayemfahamu.

"Mfungueni."

Vigelegele vikapigwa, pingu zikaanguka. Arisati hakutakiwa hata kusema, kunyamaza kulitosha. Na aliogopa, tusidanganyane. Jua lilikuwa tamu mgongoni.

"Nyamaza, mwanangu," baba alinong'ona. "Nakuomba kwa maziwa ya mama yako."

"Nisamehe, baba." Akamgeukia liwali. "Bwana, hii ni harufu ya dukani. Nimechambua ubani wa baba yangu tangu utotoni, hata mkate wangu hunukia. Sikumfukizia Kaisari, wala sitamfukizia."

 Liwali uso ulimwiva kwa hasira.

"Mtoto akililia wembe, mpe!"

Upanga ukashuka.

"Nawe Himilko umenidanganya hadharani," liwali akasema. "Fukiza, nikusamehe."

Himilko alikuwa amefukiza miaka yote bila kuwaza. Akachota ubani, akautazama kiganjani, kisha akaumwaga mavumbini.

"Sina tena ubani wa Kaisari," alisema.

Wakamnyang'anya duka, wakamfukuzia jangwani, akawa muuza chumvi.

Jina la liwali yule limesahauliwa. Ila Wakristo wa Thamura, kila ilipofika siku ya Arisati, waliosha mikono kwa maji ya majivu, wakanyoosheana viganja na kunusana, pasiwe na harufu ya ubani wa Kaisari, kabla ya kusali. Liwali alipohamishwa, mzee mmoja wa chumvi alianza kuja kutoka jangwani siku hiyo. Alisugua vidole hadi vikachubuka.

"Bado vinanukia," alilia.

Mama mmoja akamshika mkono, akaunusa taratibu.

"Iache harufu hiyo, baba," alimwambia. "Ndiyo aliyokuwa nayo mwanao."