Jina la Namba Tisa

Alasiri hiyo ya mvua za El Nino, Adero alikuwa nyumbani kwa mwenzake wa kazi, Urbanus, Kawangware, akimalizia kazi ambayo angeimaliza juzi kama angepata usingizi. Mwanawe Amondi, wa miezi mitatu, alikuwa mtaa wa pili, Lindi, na nyanyake, akilia. Tangu Jumapili alikuwa hajanyonya. Zahanati haikuona ugonjwa. Nyanyake alisema kuna marehemu anayetaka mtoto aitwe kwa jina lake, basi wakawa wanamtajia wafu wa ukoo, mmoja baada ya mwingine. Akitajwa mwenyewe, mtoto hunyamaza.

Hakunyamaza.

"Sasa, Adero? Mtoi je?" Urbanus aliuliza, akileta chai.

"Bado. Majina yametuishia."

Sebuleni kulikuwa na kompyuta tatu zilizotumia laini moja ya simu kupitia ruta, kisanduku cha kuziunganisha. Kila moja ilikuwa na jina na namba. Ukitaja jina, ruta inakupa namba. Adero alikuwa akiifundisha kinyume chake: ukitaja namba, ikupe jina. Ruta haijui jina lolote ambalo mtu hajaliandika. Aliandika matatu: Meza, Dirisha, Kabati. Akajaribu namba mbili. Meza. Namba tatu. Dirisha. Namba nne. Kabati. Sawa kabisa.

Kisha kwenye skrini akaona namba tisa ikibisha hodi kwenye ruta.

Hakukuwa na namba tisa. Alifuata kila waya kwa kidole hadi mwisho wake. Kompyuta zilikuwa tatu tu. Akauliza: tisa ni nani?

Kaveke.

Alifungua faili aliloliandika. Majina matatu. Akauliza tena.

Kaveke.

"Urbanus," alinong'ona, "Kaveke ni nani?"

Chai ilimwagika. "Nani amekutajia?"

"Ni nani?"

"Dadangu. Alikufa bila mtoto. Hakuna mtu kwetu aliyerithi jina lake."

Adero alikuwa tayari mlangoni. Urbanus akamshika mkono.

"Huyo si wa kwenu, Adero. Usimwite."

"Mtoto wangu anakufa!"

Huko Lindi sauti ya Amondi ilikuwa imekwisha. Mdomo tu ulikuwa wazi. Adero hakuvua hata viatu vyenye matope. Aliinama sikioni.

"Kaveke."

Mdomo ukafumbika. Mtoto akashika titi.

"Nyasaye, Mungu wangu!" nyanyake alilia kwa furaha. "Huyo ni wa nani?"

Adero alimvuta mtoto karibu zaidi.

Asubuhi mtoto alicheka peke yake. "Amondi," nyanyake alimwita. Hakugeuka. "Amondi!" Aliutazama ukuta. Adero akalitaja lile jina jingine, polepole. Mtoto akageuka mara moja. Akatabasamu.

Adero alikimbia hadi Kawangware. Urbanus alikuwa amezima kompyuta zote. Adero akawasha moja. Faili: majina matatu. Akauliza: tisa ni nani?

Amondi.

Taa ndogo ya ruta iliwaka na kuzima, ikawaka na kuzima. Namba tisa ilikuwa inabisha hodi, bila kupumzika, na hakuna aliyejua pa kuifungulia.