Mzazi wa Kambo wa Chupa 614

Mlango wa chuma ulijifunga nyuma ya jasusi Sindano. Kitasa hakikugeuka.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Chumba cha kompyuta cha bohari hakikuwa na dirisha, na bastola yake ya Beretta isingetoboa chuma kinene kama kiganja.

Kipaza sauti kilikoroma darini.

"Karibu, binti," alisema meneja wa bohari. "Gesi ya kuzima moto inaingia. Haiunguzi. Inafukuza hewa tu."

Sindano alitia kinywani mrija wa chupa yake ya hewa, ndogo kama kidole gumba.

Hewa ya dakika sita.

Redio ya sikioni ilinong'ona. Alikuwa mkuu wake.

"Uko wapi?"

Alitoa mrija. "Nimefungiwa, mzee."

"Malori matano yako langoni, yanafanana kama pacha. Moja lina sumu ya mvuke. Tukigusa lisilo lenyewe, dereva wa lenyewe ataifungulia hapo hapo, na mkabala ni shule. Lipi?"

Namba ya chupa ya sumu aliijua: 614. Lakini chupa haikuandikiwa lori. Kumbukumbu za bohari zilipangwa kama ukoo: chupa ni mtoto wa kasha, kasha ni mtoto wa shehena, shehena ni mtoto wa lori, na malori yote ni watoto wa bohari. Namba ya lori ilikaa kwa lori lenyewe, huko juu. Ilimpasa amwendee mhenga wa chupa, amwombe alichonacho.

Aliandika amri kwenye kompyuta: kutoka chupa 614, panda ngazi tatu, leta namba.

Jibu: 2.

"Lori la pili, mzee."

"Tunasogea."

Kichwa kilianza kumwanga. Darini, meneja alicheka.

Hakikuwa kicheko cha mtu aliyeshindwa.

Sindano aliukagua ukoo upya. Kati ya kasha na shehena palichomekwa ngazi ambayo chupa nyingine hazikuwa nayo. Mzazi wa kambo. Hatua zake tatu zilikuwa zimekomea kwenye shehena, na hapo watu wa meneja walikuwa wamebandika namba ya uongo.

Bibi yake alizoea kumkanya: "Ukoo huhesabiwa kuanzia kwa babu, mjukuu wangu. Huku chini kila mwenye njaa hujipachika ujomba."

Basi akaanzia juu. Bohari, kizazi cha kwanza. Malori, kizazi cha pili, hata wachomeke nini huko chini. Aliandika: leta namba ya mhenga wa chupa 614 aliye wa kizazi cha pili.

Jibu: 5.

"Futa la pili, mzee. Ni la tano."

"Mtu wangu ameshashika mlango wa la pili."

"Auachie."

"Una hakika, mwanangu?"

"Safari hii nimeanzia juu."

Mrija ulikauka. Akaketi sakafuni, mgongo ukiegemea chuma, akihesabu mapigo ya moyo wake.

Arobaini na mbili.

"Tumemdaka," redio ikasema. "Chupa nzima, dereva kimya. Tunakuja kukufungulia."

Mlango ulipofunguliwa, hewa ilimwingia kama maji ya mtungi. Meneja alikuwa ukutani, mikono ndani ya pingu.

"Mzazi wa kambo niliyekuwekea alitosha kukupoteza," alisema kwa uchungu. "Nani alikuambia ukweli?"

Sindano alinyoosha ukosi wa shati lake.

"Babu yake," alijibu, akashuka ngazi.