Kopo la Sukari Limehamia Ghorofani

Tap! Mlango wa friji yangu haufungiki mpaka upigwe kiganja. Alfajiri ile, kabla ya adhana, niliupiga mara mbili. Nilikuwa nachungulia ndizi zangu. Siku hiyo dada yangu Umulkheir angekuja kutoka kijijini Matondoni, baada ya miezi minne ya kutokanyaga kwangu.

Kosa lilikuwa langu. Umulkheir ana ugonjwa wa sukari, na maziwa humvuruga tumbo. Lakini kwetu mgeni hupewa kitamu. Siku ya Idi nilimpa aiskrimu ya maziwa, yenye sukari tele. Hakutaka kunivunja moyo, akamaliza bakuli zima. Jioni akaugua, akapelekwa hospitali.

Alipopona alinipigia simu. "Barka, nakupenda. Lakini kwako siji tena. Kukukatalia siwezi, na kula siwezi."

Nililia. Nerea akanikuta nalia. Huyu ni mpangaji wangu wa ghorofani, mfanyakazi wa kliniki, mtu wa bara. Mvua ilikuwa imeanza, naye alikuwa ameanua nguo zangu bila kuombwa.

"Nilitaka kumpa heshima," nikamwambia.

"Heshima ibaki, Bi Barka. Sukari ndiyo iondoke."

"Basi nitie asali? Asali ni dawa."

"Asali nayo hupandisha sukari mwilini. Tende pia."

"Sasa mgeni wangu nimpe mawe?"

Akacheka. "Mpe matunda."

Alinifundisha jikoni mwangu. Ndizi zilizoiva humenywa kwanza. Hukatwa vipande vyembamba, vikatandazwa kwenye sahani, vikagandishwa usiku kucha. Embe nalo vivyo hivyo. Mimi, kwa uvivu, mara ya kwanza niligandisha ndizi na maganda yake. Kisu kilikataa kuingia.

"Mawe uliyoyataka ndiyo hayo," Nerea akanitania.

Matunda yakishaganda, husagwa kwenye blenda bila maji. Hutiwa vijiko viwili vya tui zito na ndimu kidogo. Husagwa mpaka yawe laini kama aiskrimu, yakaliwa papo hapo. Asiye na blenda huyaacha yalegee kidogo, kisha huyatwanga kwenye kinu safi.

"Na kijiko kimoja tu cha sukari?" nikauliza.

"Bi Barka!"

"Mkono wangu umezoea, mwanangu."

"Basi nipe hilo kopo, nikae nalo." Nikampa.

Akaniambia tena, "Hata tunda lina sukari yake. Mpe kibakuli kidogo, na si kila siku. Dawa zake asiache, na apime sukari kama alivyoelekezwa."

Nilikuwa nimembembeleza Umulkheir kwa simu aje mara moja tu, akakubali; siku hiyo alifika saa nne. Aliketi karibu na mlango, buibui mwilini, kama mtu wa kuondoka. Nilimwekea kibakuli mbele yake. Hakukigusa.

"Barka, nilikwambia."

"Hamna maziwa, hamna sukari. Ni ndizi, embe, tui kidogo na ndimu."

"Wewe? Usitie sukari?"

"Kalitafute kopo."

Akainuka kweli! Akafungua kabati, akainama chini ya meza, akachungulia hata kwenye pipa la mchele.

"Liko wapi?"

"Limehamia ghorofani, kwa Nerea."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Akavua buibui, akaketi vizuri, akala polepole.

"Utamu huu umetoka wapi?"

"Kwenye embe."

Kibakuli kilipokwisha, mkono wangu ulinyanyuka kumwongezea. Nikaurudisha mapajani. Umulkheir aliuona, akanishika vidole.

Kesho yake simu ililia mapema.

"Nimepima asubuhi," akasema Umulkheir. "Sukari iko sawa. Tumbo nalo limetulia."

"Alhamdulillahi!"

"Mwambie Nerea kopo asilirudishe. Na Ijumaa mje wote wawili, nimeshamenya ndizi. Ndia ya kuja Matondoni waijua, Barka. Tutembeleane tena, kama zamani."