Miguu Ndani ya Laptop

"Hii ni miguu ya nani?"

Wangeci alijiuliza kwa sauti, akiwa peke yake sebuleni kwa mchumba wake Muthama, pale Woodley. Ilikuwa Jumapili, wametoka kanisani. Wali unatokota jikoni, Muthama yuko bafuni anaimba pambio kwa sauti ya mtu asiye na hatia, na laptop yake iko wazi mezani. Wangeci hakwenda pale kupekua. Alikuwa anapanguza meza tu. Ila kitambaa kikagusa mahali, picha zikafunguka, na macho yakishaona hayawezi kuambiwa yarudi.

Miguu. Miguu ya mwanamke. Picha moja vidole, nyingine kisigino, nyingine unyayo mzima umelazwa kama samaki wa sokoni.

"Ai! Na huyu ndiye ananioa Jumamosi?"

Akaibeba laptop aipeleke dirishani, aione vizuri ile kucha ya kidole cha mwisho. Alichosahau ni waya wa chaja, uliokuwa umejizungusha kwenye mguu wa stuli. Akapiga hatua, waya ukavuta, laptop ikamchomoka mikononi. Pwa! Kwenye saruji.

Pambio likakatika.

Muthama alitoka mbio, taulo kiunoni, povu la sabuni masikioni. Skrini ilikuwa imepasuka, weusi umetapakaa kama wino uliomwagika. Pembeni kilibaki kipande kidogo kizima, na ndani ya hicho kipande, kidole gumba cha mguu.

"Wangeci! Laptop yangu!"

"Imeanguka, pole. Sikukusudia. Sasa niambie, hicho kidole ni cha nani?"

"Kazi yangu yote iko humo!"

"Naiona. Kazi ya kupiga wanawake picha za miguu."

"Si vile unafikiria."

"Basi niambie nifikirie nini."

Muthama akapangusa povu sikioni.

"Siwezi kukuambia saa hii. Ngoja Jumamosi ipite."

"Jumamosi si ndiyo ngurario yetu, harusi yetu ya kimila? Unataka unioe kwanza, halafu ndiyo uniletee mwenye miguu?"

"Nikikuambia, tata Waithera atajua kabla sijavaa shati. Wewe na shangazi yako hamfichani hata mafua."

"Kumbe hata tata anamjua!"

"Mungu wangu."

Wangeci akaifunika laptop kwa kitambaa cha meza kama mtoto mchanga, akaitia mkobani.

"Mimi ndiye nimeiangusha, mimi nitaipeleka kwa fundi. Na akishaiwasha, ndipo nitajua kama Jumamosi kuna ngurario ama kuna watu wa kurudishwa kwao na mbuzi zao."

"Lete hiyo laptop, Wangeci!"

"Nifuate basi."

Angemfuata vipi na taulo? Woodley ina majirani, na majirani wana madirisha.

Kesho yake Muthama alipiga simu mpaka ikachoka. Akatuma ujumbe: "Tafadhali, usifungue hizo picha mbele ya watu."

Jibu likarudi upesi: "Nitazifungua mbele ya kanisa."

Wakati huo Wangeci alikuwa ameshapanda ngazi za jengo moja mjini, karibu na barabara ya Luthuli, kwenye kibanda cha fundi anayeitwa Thuo. Thuo aliigeuza laptop, akaitikisa, akaitegea sikio.

"Madam, hapa ni skrini tu imekufa. Roho iko sawa. Wacha nikuunganishie na hii TV tuone kama vitu vyako vimepona."

TV yenyewe ilikuwa kubwa kama mlango, na imewatazama wateja wote waliokaa kwenye benchi. Ikawaka. Miguu ikajaa kibandani.

"Haki ya Mungu," akasema mama mmoja aliyekuwa anangojea simu yake, "hii ni miguu ama ni barabara ya kwetu kabla ya lami?"

"Mwambie tena, mama!" Wangeci akapata mtetezi. "Ona kisigino hicho! Mtu ana mwanamke msafi kama mimi, anaenda kufuata nyufa."

"Na hicho kidole cha pili kinaharakisha wapi?"

"Si muulize! Kinaharakisha kuiba wanaume wa watu!"

Benchi zima likacheka. Thuo naye akajikaza asicheke, akashindwa.

"Madam, imebaki picha moja. Nipite?"

"Pita. Nataka uso wake."

Uso ukaja. Mwanamke amelala kwenye kochi, mdomo wazi kama yuko kwa daktari wa meno, kipande cha chapati bado kiko mkononi. Na mwanamke mwenyewe ni Wangeci.

Benchi zima likageuka kumtazama.

"Madam," Thuo akasema polepole, "huyu si ni..."

"Zima."

"Pole, mwanangu," yule mama akamgusa bega. "Lakini mafuta ya kujipaka si yapo?"

Wangeci akatoka nje kwenye ngazi, akapiga simu.

"Muthama. Kwa nini umenipiga picha za miguu nikiwa nimelala?"

Sauti ndogo ikajibu: "Umeona?"

"Luthuli yote imeona."

"Ni za ngurario, mami. Mulwa, msimamizi wangu, ndiye alinitisha. Ati kwenu bibi arusi anafunikwa leso pamoja na wanawake wengine, gubigubi, halafu mimi niambiwe nichague wangu. Nikikosea ninatozwa faini, ninachekwa mpaka uzeeni. Rafiki yetu Kivuva alimfunua nyanya wa bibi arusi! Sisi Wakamba mbuzi zikishapokelewa tunakula, hakuna mtihani. Nikaona kinachobaki nje ya leso ni miguu peke yake, basi nikaisoma."

Moyo wa Wangeci ukalegea kama ugali uliokosa unga. Lakini haukulegea muda mrefu.

"Ngoja kwanza. Kwani ulikuwa huijui miguu yangu mpaka uipige picha? Ulikuwa unatazama ya nani siku hizi zote?"

"Wewe mwenyewe hukuijua!"

Wangeci akakata simu. Kuna maneno mtu hapaswi kuambiwa akiwa amesimama kwenye ngazi. Akarudi kibandani.

"Thuo, weka skrini mpya. Na hizo picha zote futa."

"Hata hii ya chapati?"

"Anza na hiyo."

Na tata Waithera? Alijua jioni hiyo hiyo.

Jumamosi, nyumbani kwa kina Wangeci kule Kangemi, wanawake walitolewa nje wamefunikwa leso za rangi moja kutoka utosini. Na chini ya leso, soksi. Soksi ndefu za wachezaji mpira, kila mmoja, mpaka magotini. Hiyo ilikuwa akili ya tata.

"Msee," Mulwa akamnong'oneza bwana arusi, "soksi!"

"Naona."

Ndani ya leso yake Wangeci alikuwa anatoka jasho. Kama ananipenda, aliwaza, atanijua hata nikiwa ndani ya gunia.

Muthama akaanza kuzunguka. Akafika kwa Wangeci. Akampita! Hakusita hata kidogo. Moyo ukamwanguka Wangeci kuliko laptop. Muthama akaenda kusimama mbele ya Stellah, binamu wa Wangeci, yule anayewakonyezea wanaume hata matangani.

"Nadhani ni huyu," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Kimo ni chake. Mabega ni yake." Akaweka mkono begani. Stellah akajinyonganyonga. "Na umbo ni zuri kweli kweli..."

"Toa huo mkono, Muthama! Utoe kabla sijaja hapo!"

Leso ya katikati ndiyo iliyosema. Uwanja ukalipuka. Mulwa akakaa chini kwa kicheko.

"Hiyo haihesabiki!" tata Waithera akapiga kelele. "Bibi arusi amejitaja mwenyewe! Faini!"

"Mtozeni yeye," akasema Muthama, ambaye alikuwa ameshamfikia Wangeci na kumfunua uso. Akainama sikioni pake. "Picha ulifuta. Miguu ukavika soksi. Nikajiuliza ni nini huwezi kuficha."

"Kwa hivyo ulifanya makusudi?"

"Makusudi kabisa. Hapa hakuna mwingine angenipigia kelele hivyo."

Wangeci akalia na kucheka kwa wakati mmoja, akamshika mkono kwa nguvu za mtu aliyekaribia kupoteza kitu. Vigelegele vikapanda, mbuzi zikaitikia. Wakaanza kutembea kuelekea kwa wazee, polepole, wanapigwa picha. Katikati ya njia akamvuta kidogo.

"Muthama."

"Naam, mke wangu."

"Ati ana umbo zuri?"