Kombe la Kitabu cha Maulidi

Karatasi alizozipaka gundi asubuhi na kuzianika, Mwanabaraka alizikuta adhuhuri zimelowa tena, kama zilizolambwa.

Kazi yake pale Bagamoyo ilikuwa kutengeneza vitabu vikuukuu. Safari hii kilikuwa cha ukoo wake, kitabu cha maulidi kilichoandikwa kwa wino wa masizi, nacho kilianza kupukutika. Karatasi kama hizo hurudishiwa nguvu kwa jelatini, gundi itokanayo na mifupa. Ya dukani hakuitaka, maana hakujua imetoka kwa mnyama gani. Akachemsha mwenyewe mifupa ya ng'ombe.

Tangu hapo nyumba ilinuka supu iliyolala. Chumbani mwa kazi kukawa kunasikika mtafuno wa meno mchana kweupe. Kisha bintiye Lulu akashikwa na homa, miguu ikalegea hata asiweze kusimama.

"Mama, wanasema nanukia vizuri," alinong'ona.

"Kina nani?"

"Waliokaa chini ya meza."

Bi Batuli, mganga wa mtaani, alipoitwa hakuvuka kizingiti; alisimama hapo akiinusa ile harufu ya mifupa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mnyama alichinjwa kwa bismillahi?"

"Nilimuuliza mchinjaji mwenyewe. Halali tupu!"

"Basi umewaandalia karamu. Mfupa uliotajiwa jina la Mungu ni riziki ya majini. Chuoni ulikuwa ukisinzia?" Akashusha sauti. "Wakikimaliza kitabu watamgeukia mtoto. Kakitupe baharini, chote, kabla jua halijatua."

Mwanabaraka alikichukua, akafika mlangoni, akamsikia Lulu akigumia. Bahari ya nini kupewa dua, na mwenye kuzihitaji yuko kitandani? Utotoni yeye mwenyewe alinyweshwa kombe, maandishi matakatifu yaliyooshwa kwa maji, akapona. Mzazi gani asingefikiri hivyo? Akarudi, akatia maji ya uvuguvugu kwenye beseni, akaosha karatasi moja baada ya nyingine, na kila ukurasa ulivyozidi kuwa mweupe ndivyo mtafuno ulivyozidi kufifia, hata ukanyamaza kabisa, naye akalia kwa shukrani, akamwinua mwanawe, akamwekea kikombe cha maji hayo mdomoni, na Lulu akanywa kwa pupa, akanywa mpaka tone la mwisho.

Ndipo Mwanabaraka alipohisi vidole vyake vinateleza. Maji yaliyotoa wino yalikuwa yameyeyusha na gundi ile ya mifupa, na Lulu alikwisha kuinywa.

Lulu alisimama. Homa ilikuwa imetoka.

"Lulu?" mama aliita. "Mwanangu, nijibu."

Midomo ya mtoto ilikuwa imefumbwa. Sauti ilitoka kifuani, tulivu, kama ya mgeni aliyevua viatu.

"Humu pana joto," ilisema. "Tutakaa."