Bendera Iliyokwama Katikati

Kila asubuhi, kabla ya kunywa chai, baba yake Kiroboto alipandisha bendera ya taifa uani kwao. Alikuwa fundi umeme, mtu wa taratibu zake, na mlingoti ule aliusimamisha kwa mikono yake mwenyewe. Jumamosi hiyo aliitwa kazini mapema, akamwachia bintiye shughuli hiyo.

"Ipandishe mpaka kileleni, na isiguse chini," alisema akijifunga mkanda wa vifaa vyake. "Na usiondoke kabla hujamaliza."

Kiroboto alipewa jina hilo kwa sababu hakutulia hata akiwa usingizini. Nje ya geti wenzake walikuwa wakimpigia mbinja. Mpira uko tayari, anasubiriwa yeye tu. Akavuta kamba mbiombio. Bendera ilipofika katikati, kamba ikajiviringa, ikafanya fundo na kukwama. Akaivuta, ikagoma. Mbinja zikazidi.

"Si inaonekana hata hapo?" akajisemea. Akaifunga kamba hivyo hivyo, akatoka mbio.

Mchezo haujakolea, akaona watu wazima wamekusanyika. Kinyozi wa pale kona alikuwa amemwacha mteja na kichwa nusu kimenyolewa, anazungusha redio kutoka stesheni moja hadi nyingine.

"Kuna msiba wa taifa," alisema. "Hamwioni bendera ya fundi? Yule hawezi kuiweka nusu mlingoti bila sababu."

"Nani amefariki?" mteja aliuliza, shuka bado shingoni.

"Redio haijasema. Labda wanaficha."

Kiroboto akageuka kuitazama bendera. Alitaka kusema, lakini ulimi ukawa mzito. Akarudi uwanjani, mpira ukampita miguuni asiuone. Akaketi, akasimama, akafunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

Mara akamsikia Mama Koplo. Jirani huyo alikuwa na mwana jeshini, huko mpakani. Alikuwa katikati ya barabara, miguu peku, simu sikioni.

"Hapatikani! Mwanangu hapatikani! Askari wameuawa, na mimi nafichwa!"

Akaketi vumbini.

Kiroboto hakungoja tena. Alikimbia, akapiga magoti mbele yake.

"Mama, hakuna aliyekufa. Ni mimi! Kamba ilikwama, nikaiacha, nikaenda kucheza."

Mama Koplo alimkazia macho. "Na ulituona tukihangaika?"

"Niliwaona," alijibu, machozi yakimlengalenga. "Niliogopa."

Kinyozi akazima redio.

Baba aliporudi, habari alikuwa ameshazipata njiani. Hakufoka. Alimshikisha bintiye kamba, wakaiteremsha bendera polepole, na Mama Koplo akaipokea mikononi isiguse ardhi. Baba akalifungua fundo. Kiroboto akavuta tena, safari hii bila papara, mpaka bendera ikafika kileleni.

Wakiwa bado wanaitazama, simu ya Mama Koplo ikalia.

"Mama, kuna nini? Mbona umenipigia mara zote hizo?" sauti ya kijana ilisikika. "Nilikuwa zamu, simu nilikuwa nimeizima."

Mama Koplo akacheka na kulia kwa pamoja.

Baba akamgeukia bintiye. "Mwanangu, bendera husema bila mdomo. Ikiwa nusu mlingoti, inasema nchi nzima inaomboleza, na hilo hutangazwa na serikali, si mimi wala wewe. Kwa hiyo anayeshika kamba lazima atulie. Kukwama si kosa, hata mimi hunikwamia. Kosa ni kuiacha vile. Na kosa kubwa zaidi ni kunyamaza watu wakiumia, nawe ndiye unayeujua ukweli."

Kiroboto akainamisha kichwa mbele ya jirani yake. "Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe," alisema Mama Koplo, akimpangusa vumbi magotini. "Lakini kesho asubuhi nitakuja kukusimamia."