Unga wa Bibi Esteri

Siku ya soko Kibondo, mwaka 1975, mnyororo wa baiskeli uliikamata suruali ya bugaluu ya Venanti ukaipasua mpaka gotini, mbele kabisa ya cherehani ya Pelagia. Venanti alikuwa msaidizi wa afya, kijana wa Kasulu, shati la samawati na kitana mfukoni. Pelagia alikuwa amejifunga kitenge cha kijani, na kicheko kilimshinda.

"Dada, unacheka badala ya kunishonea?"

"Nacheka na kushona pia, kaka. Kaa hapo, funika goti."

Wiki iliyofuata akarudi na suruali nzima.

"Hii nayo ina nini?"

"Hii imekuja kusalimia."

Mwezi wa tatu tangu wakutane alimwomba waoane, wahamie Kasulu alikopangiwa kazi. Pelagia akainamisha kichwa. "Bibi Esteri amenilea tangu nabebwa mgongoni. Jua likizama haoni hata mkono wake. Nani atamshika njiani? Siku akiona, nitakuja."

Venanti hakukasirika. Kabla ya kuhama alileta mfuko wa unga uliotiwa vitamini, aliopewa na daktari kwa ajili ya macho ya bibi. "Mpikie uji kila siku. Miezi miwili tu, mpenzi."

Miezi miwili ikapita. Bibi bado alijikwaa kizingitini. Pelagia akaenda posta, akasubiri laini ya Kasulu asubuhi nzima.

"Haloo! Venanti? Unga wako ni vumbi tu! Ulitaka nidanganyike nimwache bibi!"

"Kipenzi, hebu nisikilize..."

Akakata simu.

Jumamosi basi likamshusha Venanti, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Alipoingia uani alisimama ghafla. Unga ulikuwa umetandazwa juani juu ya mkeka, kama unga wa muhogo.

"Nani kasema uanikwe?"

"Unga usioanikwa si unaota ukungu? Kila siku nauanika. Nilikuwa natunza zawadi yako."

Venanti alicheka mpaka akakaa chini. "Jua linaiua vitamini hiyo, mama watoto."

"Watoto wako wapi?" Lakini sauti ilikuwa imelainika.

Alikuja na mfuko mwingine. Wakautia kwenye debe lenye mfuniko. "Na kila bakuli litie kijiko cha mawese," akasema. "Vitamini hii bila mafuta hupita tu, na tumbo la mzee hufyonza polepole. Sikukwambia. Kosa hilo ni langu."

"Nisamehe. Nilifoka mpaka karani wa posta akaziba masikio."

"Wa Kasulu naye alinipa pole."

Miezi miwili baadaye, jua likiwa limeshazama nyuma ya migomba, Venanti alipiga hodi. Bibi Esteri alikuwa ameketi barazani peke yake, taa haijawashwa. Alimtazama kuanzia miguuni mpaka kifuani.

"Asante kwa unga, mwanangu," alisema. "Lakini hivi ndivyo watu wanavyokuja kuposa siku hizi, kifungo cha shati kimekatika? Pelagia! Lete sindano."

Pelagia alitoka mbio, machozi mashavuni, akakishona kifungo shati likiwa kifuani kwa Venanti.

"Taratibu, usimchome," bibi akasema. "Kesho ana safari ya kwenda kumleta baba yake."